Kosa ni la Viatu, Si la Magoti

14 Barabara ya Kinu,
Harlow Notch, Vermont.
9 Februari 2020

Mpendwa mdogo wangu Roland,

Habari za huko Texas? Yolanda na watoto hawajambo? Mgongo wako je? Sisi tu wazima, ila baridi inatutia adabu. Clayton wangu kikohozi kimempungua, na tangu juzi ameanza tena kulalamikia supu yangu, basi nikajua amepona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakasirika mara zote mbili. Ati unauza ubao wako wa kutelezea kwenye theluji na Machi huji, kwa sababu miguu imezeeka! Nani kakudanganya? Tulia nikusimulie yaliyonipata mimi dada yako.

Unakumbuka tulivyonunua buti mwaka mmoja, mimi hapa, wewe Houston? Tukachagua namba tisa kwa ugumu, na kumi ndiyo mwisho. Tuliambiana kwamba anayetaka kukata kona sawasawa, ubao umelala ubavu na nyuma umeacha mstari mmoja tu, lazima avae buti ngumu. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini sisi wawili ugonjwa wetu ni sifa.

Msimu huu kila kona ya upande wa vidole, ile ya kuegemea mbele, imenibwaga. Nikasema ndiyo uzee huo. Nilimwambia Clayton nimeacha, kisha nikalia jikoni, wala sioni haya kukuambia.

Gisele Thibault, yule ninayepanda naye mlima kila Jumapili, alinifuata nyuma asubuhi nzima. Tulipoketi kupumzika akanipasulia.

"Wewe Darlene, kunja magoti!"

"Si nimekunja!"

"Umekunja kiuno, mama. Makalio yanaangalia Kanada, magoti yamesimama wima!"

Nilicheka mpaka nikashindwa kuinuka. Akaniambia nisimame niusukume ugoko mbele. Wapi! Buti haikutikisika. Na dukani, kando ya jiko la kuni, buti hizohizo zilinyumbuka vizuri kabisa. Baridi ndiyo inayozikaza, Roland. Sasa wewe uliyezijaribu kwenye joto la Houston, umevaa kaptula, ulitegemea nini?

Nikaruka upande wa pili, maana mimi sina kiasi. Nikavaa buti kuukuu za Clayton, laini kama ndara, na soksi mbili ndani. Magoti yalikunjika, ndiyo, lakini ubao ukawa unasikia amri kwa kuchelewa. Kifundo kikayumba, ukingo ukateleza, nikashuka kwa makalio mbele ya darasa zima la wanaojifunza. Walinipigia makofi.

Basi nikarudi dukani, nikaomba kusimama nje na buti za katikati huku nanywa kahawa. Mwenye duka akanitazama weee, akasema, "Ukizichafua umezinunua." Kahawa ikapoa, buti zikapoa, ndipo nikakunja goti. Namba tano zilikuwa legelege. Namba sita zilikubali kidogo, kisha zikanirudisha, na kisigino hakikunyanyuka. Nikalipa bila kuuliza mengine.

Jumapili nilikata kona ya vidole, nikakata ya kisigino, nikasimama chini kuangalia nyuma. Mstari mmoja mwembamba, hakuna mburuzo hata kidogo. Gisele alipiga yowe mpaka watu wakageuka. Nilifurahi, mdogo wangu, nilifurahi mno.

Kwa hiyo usiuze. Wala usinunue kitu huko. Njoo tusimame wote nje ya duka tugande. Magoti yakikataa hata baada ya hapo, mnunuzi nitakutafutia mimi mwenyewe.

Clayton anakusalimu, na Gisele anasema bado anakudai mbio. Nibusie Yolanda na watoto. Mungu awafunike na awaepushie kila baya.

Neno la mwisho, na hili silisemi kwa mzaha. Tangu tumzike mama, wiki hii ya Machi ndiyo pekee ninayokuona bila jeneza kuwa mbele yetu. Ukiiacha, tutabaki ndugu wa kukutana misibani, na msiba unaofuata ni wangu au wako. Njoo, Roland.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Darlene