Jozi Kumi na Nne

Kibirichia,
Jumatano asubuhi.

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta umeketi mahali penye jua na goti lako limetulia. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia inasaidia, ama umeshampa jirani? Huku baridi ni kali, viazi vimechanua, na mwilini mimi ni mzima. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini simu yako, Mama, unaiweka kwa sauti ya juu ukifunga miraa, na soko zima la Kangeta hujua nimekula nini. Haya nataka uyasome peke yako. Hata ndugu yangu Gatakaa asikusomee. Vaa miwani.

Unaijua kazi yangu, ingawa nasikia umewaambia watu wa kanisa kwamba mimi ni daktari. Mimi si daktari. Ninaratibu afya na usalama wa wanafunzi kumi na wanne kutoka ng'ambo waliokuja kusoma kilimo cha mlimani kwa muhula mmoja. Najua nani ana pumu, nani hudhuriwa na njugu, na nani hulia Jumapili akikumbuka kwao. Kutoka kambini hadi hospitali ni mwendo wa saa nzima, barabara ikiwa kavu, na mtandao huja ukipenda. Ndiyo maana kila wakirudi kutoka shambani napaswa kuwahesabu vichwa, niandike idadi kwenye fomu na kuweka sahihi.

Alhamisi iliyopita walikwenda kupalilia mashamba ya juu, karibu na msitu. Walirudi saa tisa, ukungu ukianza kushuka. Niliandika kumi na wanne, nikaweka sahihi, nikaenda kunywa chai.

Saa kumi na nusu nilitaka kumpima sukari msichana mmoja anayeitwa Ingrid, ambaye ana kisukari. Nikamwita, kimya. Nikatafuta chumbani, chooni, jikoni. Mwishowe rafiki yake akaniambia, huku uso umemwisha damu, kwamba Ingrid alichubuka kisigino, akavua gambuti zake, buti za mpira, na kumpa yeye ambebee, kisha Ingrid akabaki nyuma atembee polepole kwa ndara. Rafiki alidhani amefika kitambo. Na mchana huo Ingrid alikuwa amejidunga sindano kama kawaida, kisha akala nusu tu ya chakula chake.

Mama, nilitoka mbio. Nilipanda juu na Mutugi, mlinzi wa lango letu, mzee wa Runyenjes asiye na maneno mengi. Ukungu ulikuwa mzito hata sikuuona mkono wake. Tuliita hadi sauti zikatukauka. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo sitaweza kuyatimiza. Nilimfikiria mama yake Ingrid huko aliko, ambaye kila Jumatatu huniandikia kuniuliza kama mwanawe anakula.

Karibu saa kumi na mbili tulisikia mwanamke akituita kutoka kwenye ghala la viazi. Alikuwa Gatwiri, mkulima wa hapo. Alimkuta Ingrid ameketi kwenye mtaro wa shamba, anatetemeka, anatoka jasho katika baridi ile, maneno yake hayana kichwa wala miguu. Gatwiri hakujua ni ugonjwa. Alimwingiza ndani, akampa chai iliyojaa sukari, vile angempa mgeni yeyote aliyepigwa na baridi. Hospitalini walisema chai hiyo ndiyo iliyomrudisha, na kwamba nusu saa zaidi ingekuwa habari nyingine. Sasa amerudi kambini na anaendelea vizuri, Mungu ashukuriwe.

Kisha wakubwa wa kambi wakaanza kuuliza. Bi Wanja, mkurugenzi wetu, aliichukua fomu yangu na kuisoma. Ilisema kumi na wanne waliingia. Basi, akasema, kama waliingia wote, mmoja alitoka tena, na lango lilikuwa la Mutugi. Mutugi alitazama chini, hakujitetea. Akaambiwa aende nyumbani hadi kikao cha Ijumaa, ambapo huenda akafutwa kazi. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, kalamu mkononi, na sikufungua mdomo.

Jumatatu nilimpigia simu kumuuliza kwa nini alinyamaza, maana aliniona siku ile nikijaza fomu.

“Kathambi, hata kwetu watu hawahesabiwi, ni kuwaitia kifo,” aliniambia. “Mama yangu hata mbuzi aliwajua kwa majina. Hao ningewaelezaje?”

Sasa jambo lenyewe ndilo hili, Mama. Sijawahi kuwahesabu watoto hawa. Tangu waje, miezi miwili, huwa nahesabu gambuti zilizopangwa mlangoni. Alhamisi zilikuwa jozi kumi na nne. Gambuti zilikuwa zimefika zote.

Na wewe unajua kwa nini. Nilikuwa na miaka minane wageni wa kanisa walipouliza tuko wangapi. Nilipita nikigusa vichwa vya ndugu zangu, kisha changu, nikihesabu kwa sauti, hadi tano. Ulinipiga kofi mkononi mbele yao. Wiki mbili baadaye ndugu yetu Kanini alishikwa na kifua, na hakupona. Hukuwahi kuniambia kwamba ni mimi, Mama. Wala hukuwahi kuniambia kwamba si mimi. Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha watu habari za vijidudu na mapafu, na bado kidole changu hakiwezi kugusa kichwa cha mtoto na kusema moja. Nakuandikia kwa uchungu, si kwa ukali.

Jana jioni niliwasimamisha wote ukumbini na kuwahesabu kwa sauti, kichwa kwa kichwa. Kwenye moja nilirudia mara tatu hadi wakacheka. Sikulala vizuri. Leo asubuhi wote kumi na wanne wamekuja kunywa uji.

Hii ni barua ya pili kuandika leo. Ya kwanza ni ya Bi Wanja, ina mistari mitatu, na nimeshaiweka mezani kwake: Mutugi hana kosa, idadi ile ni uongo wangu. Nikirudi nyumbani na sanduku langu, usiwaambie kanisani kwamba daktari yuko likizo.

Nijibu, hata kwa mstari mmoja. Unajua ni neno gani ninalolisubiri.

Nisalimie Riungu, Gatakaa na Kajuju. Hao ni watatu. Mimi ni wa nne, na Kanini ni wa tano. Tulikuwa watano, Mama.

Ni mimi binti yako,
Kathambi