Tembo Hawasubiri Salamu

Nambilanje, Ruangwa
12 Januari 2025

Kwa Mjomba Mbaruku, Lionja.

Shikamoo mjomba. Natumai u mzima, wewe na nyumba yako yote, na kwamba kile kifua hakikusumbui. Mimi na watoto hatujambo. Korosho tumemaliza kuokota, sasa tunaangalia mvua. Salamu hizi ulinifundisha wewe, enzi zile Lionja nzima ilipokuwa ikipanga foleni barazani kwako uwaandikie barua, na mimi kazi yangu kulamba stempu. Ndiyo maana siziruki hata leo, ingawa nina hasira na wewe.

Simu yangu hupokei tangu mwaka jana. Karatasi najua utaisoma. Hujawahi kuacha barua bila kuifungua.

Mume wangu Masoudi ana karibu miezi tisa kaburini. Tembo alimuua asubuhi, akienda kuangalia mahindi yetu. Wewe ndiye mjomba, wewe ndiye wa kusimama upande wangu msibani, na kiti chako kilikaa kitupu hadi arobaini. Watu waliponiuliza nilisema unaumwa. Nilidanganya watu matangani kwa ajili yako.

Lakini sikuandikii kwa hilo. Hapa kijijini tumefungiwa mtambo wa tahadhari. Mtu akiona tembo anatuma ujumbe kwenye namba moja, mtambo unausambaza kwa simu zote zilizoandikishwa, na king'ora kinalia juu ya ofisi ya kijiji ili asiye na simu naye asikie. Tuko watu mia nne na kumi. Shida yetu ni kwamba tunawaona wakiwa wameshafika. Wanatokea kwenu. Mkitujulisha wakiwa bado Lionja, tunapata muda wa kuwatoa watu mashambani. Nataka Lionja iingie kwenye mtambo huu, na nataka wewe ndiye uwe mtuma ujumbe. Shamba lako ndilo la mwisho kabla ya pori, na macho yako bado yanaona mbali.

Mpwa wako,
Hafidha


Lionja, Nachingwea
20 Februari 2025

Mpwa wangu Hafidha,

Marahaba. Sisi tu wazima. Kifua kinakohoa, lakini kinakohoa kwa adabu. Mvua imetusikia, ufuta umeota vizuri, na mihogo usiseme. Barua yako aliileta Saburi wa pikipiki. Ilikuwa inanuka petroli, lakini niliisoma mara tatu.

Habari ya mtambo nimemfikishia mwenyekiti wetu, Severini. Anasema kila kijiji kilinde mipaka yake. Sisi tuna madebe yetu na moshi wetu wa pilipili, na mwaka jana tuliwafukuza wote bila kupoteza hata gunzi. Na mimi ni mzee, mwanangu, simu yangu ni hii ya tochi. Tafuta mwenye vidole vyepesi.

Nimempa Saburi akuletee korosho kilo mbili, nimezibangua mwenyewe. Wabusu watoto.

Mjomba wako,
Mbaruku


Nambilanje
27 Februari 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Korosho nimezirudisha kwa Saburi huyo huyo. Sikuonja hata moja.

Umeandika kwamba mwaka jana mliwafukuza wote. Mliwafukuza wakaenda wapi, mjomba? Na ilikuwa tarehe ngapi? Masoudi alikufa Jumamosi, tarehe ishirini na saba Aprili. Wewe una lile daftari lako la mvua, kila siku unaandika. Lifungue, uniandikie tarehe tu. Mengine sitaki.

Namba ya mtambo nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ukikataa wewe nitakuja Lionja mwenyewe, nipite nyumba kwa nyumba, nikianzia kwa Severini. Mguu ninao na nauli ninayo.

Mpwa wako,
Hafidha


Lionja
3 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumai Idi imewakuta salama. Ramadhani nzima nimefunga na barua yako mfukoni.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe ishirini na sita, siku ya Muungano. Tulipotoka msikitini tukawakuta tembo saba kwenye mihogo. Tulitoka watu hamsini na madebe, mimi mbele. Tungeweza kuwarudisha porini walikotoka, lakini njia hiyo inapita kwenye ufuta wetu. Tukawasukuma upande wa kwenu. Aliyesema ni mimi, kwa kinywa changu: "Wapelekeni huko, huko wana mashamba mapana." Tukachinja mbuzi kwa furaha. Kesho yake saa tano habari ya Masoudi ikafika, na nyama ilikuwa bado sufuriani.

Nilivaa kanzu nije mazikoni. Nilifika stendi, gari likaja, likaondoka, nikarudi nyumbani. Niliona haya, Hafidha. Ningekaaje kwenye kiti cha mjomba, nile ubwabwa wa matanga, wakati msiba wenyewe niliusukuma mimi? Tangu siku hiyo simu yako ikiita naifunika kwa mto.

Juzi nimesimama kwenye mkutano wa kijiji nikayasema haya yote, kwa Kimwera, wazee wasije wakasema hawakuelewa. Severini akaomba kalamu, akawa wa kwanza kuandika jina lake. Tuliojiandikisha tumefika mia mbili na themanini. Sharti tuliloweka ni moja: debe lisipigwe kabla ujumbe haujafika kwenu, na tembo warudishwe porini hata kama njia yao ni kwenye ufuta. Mtuma ujumbe ni mimi. Saburi ananifundisha vidole.

Msamaha siuombi kwa karatasi.

Mjomba wako,
Mbaruku


Nambilanje
15 Aprili 2025

Shikamoo mjomba. Watoto wazima, ila mdogo ana mafua.

Barua yako nimeisoma. Nimelia, kisha nimekasirika upya, kisha nimekwenda kupalilia. Jibu lake sijalipata. Nina jibu la majaribio ya jana tu.

Ujumbe wako ulitufikia hivi, neno kwa neno:

"Assalaam aleikum ndugu zetu wa Nambilanje. Natumai mu wazima wa afya, watoto kwa wazee. Sisi huku Lionja hatujambo, mvua zinapungua. Dhumuni la ujumbe huu ni ku"

Hapo mtambo ukakata. Unabeba herufi mia na sitini tu, mjomba, na zote umezimaliza kwenye salamu! King'ora kimelia, watu wameacha majembe wamekuja mbio, wanasoma kwamba Lionja hamjambo. Marietha, anayetunza mtambo wetu, akauliza, "Huyu mzee anatuonya au anatuposa?" Watu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Niliwaza kama ingekuwa siku ya kweli.

Tembo hawasubiri salamu. Andika wangapi, wako wapi, wanakwenda wapi. Basi.

Mpwa wako,
Hafidha


Lionja
22 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe pole mgonjwa, mtafutie mchaichai. Umenigombeza kama mtoto na ninastahili. Mwambie huyo Marietha kuposa sijasahau, nguvu tu ndizo zimepungua.

Lakini nikuulize. Miaka arobaini nimewaandikia watu barua, za harusi, za vifo, za kuomba mbegu, na hakuna hata moja niliyoianza bila salamu. Na hao wa Nambilanje ndio niliowaletea msiba. Mwenye kosa akiingia uani kwa watu bila hodi, bila habari za asubuhi, si atakuwa ameongeza kosa juu ya kosa? Nilifikiri wakiona salamu zangu watajua kwamba nimeinama.

Najizoeza. Kila baada ya alasiri nakaa pembeni ya shamba na simu, naandika ujumbe usio na salamu, naufuta. Leo nimeandika jumbe tano. Mkono unakataa, lakini nitaulazimisha.

Mjomba wako,
Mbaruku


Ujumbe wa tahadhari
Ijumaa, 9 Mei 2025, saa 9:40 alasiri

TEMBO 11 NA WATOTO. SHAMBA LANGU LIONJA. WANAELEKEA KWENU. TOKENI MASHAMBANI. TUNAJARIBU KUWAGEUZA. Mjomba


Nambilanje
11 Mei 2025

Mjomba,

Leo naanza na habari, salamu zitafuata.

Watu wote wapo. King'ora kililia tukiwa tunakata ufuta. Wanawake kumi na saba walikuwa ng'ambo ya mto, upande ule ule alikouawa Masoudi, na binti yangu Hadija alikuwa mmoja wao. Walivuka wote, ndoo wakaziacha huko. Marietha aliwahesabu mmoja mmoja mlangoni mwa ofisi, nami nikahesabu nyuma yake kwa sababu sikumwamini mtu. Wanaume walipanga mstari mpakani na mapipa, askari wa wanyamapori wakafika. Tembo walisikia kelele huku na madebe huko, wakageuka. Hawakuvuka mto.

Saburi amenieleza walikopita. Amesema wamerudi porini kwa njia ya ufuta, ekari zako zote tatu zimelala chini, na uzio uliufungua wewe kwa mkono wako. Hukuniandikia hilo. Ulidhani sitajua.

Jana ofisini Marietha aliusoma ujumbe wako kwa sauti. Haukuwa na salamu hata moja. Alipomaliza, bibi mmoja akauliza, "Huyu mjomba ni wa nani?" Nikasema ni wangu.

Sasa salamu. Shikamoo mjomba. Kifua kinaendeleaje? Sisi hatujambo, tena hatujambo wote, na mafua yamepona. Zile salamu ulizoruka Ijumaa njoo uzitoe mwenyewe, mlango kwa mlango, na uanzie kaburini kwa Masoudi. Kiti chako sijampa mtu. Alhamisi nitatuma watoto stendi wakupokee, na safari hii gari likija, panda.

Na uje na zile korosho.

Mpwa wako,
Hafidha