Mahali Baba Yako Alipozamisha Miti

Mwanangu mpenzi Twyla,

Hapa Arkansas baridi imepungua kidogo, na kuku wameanza kutaga. Majirani wameleta miti yao ya Krismasi ukingoni mwa bwawa kama kila Januari, wakaifunga kwenye matofali ya saruji ili izamishwe, samaki wapate pa kujificha. Ile iliyozamishwa zamani imeoza yote.

Hii mipya inafaa kuzamishwa palepale samaki walipozoea, lakini baba yako alikufa bila kutuonyesha mahali hapo, mimi wala majirani. Unawajua wavuvi wa hapa kwa kufichana mahali pa kuvulia. Jirani yetu Delbert alinitania, "Bi Oleta, mumeo alikuwa bahili wa siri! Hata usingizini hakuropoka?"

"Usingizini alikoroma tu," nikamjibu. Tukacheka, kisha akavua kofia.

Nikamwambia wewe unapajua, maana ulikuwa ukipanda naye boti tangu ukiwa na miaka sita. Sikumwambia kwamba hujakanyaga nyumbani tangu tumzike.

Najua unaweza kuchora ramani ukaituma kwa posta. Tafadhali, mwanangu, usiichore. Njoo utuonyeshe.

Mama yako, ambaye bado anapika chakula cha watu watatu,
Oleta