Perege wa Mama Paulina na Mfereji Wetu

Alhamisi. Ukungu haujainuka hapa Bashay tangu asubuhi, na moyo wangu haujainuka pia.

Jana Mama Paulina alinisubiri kando ya bwawa lake. Msimu wa pili huu perege wake hawajazaa. Perege jike hutunza mayai mdomoni; wote tuliowavua walikuwa na midomo mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hebu waulize hawa, nani amewapeleka utawani? Mimi nilinunua samaki, sikununua masista!"

Nilicheka. Kisha akasema kwamba Jumapili, baada ya ibada, atamshtaki Bwana Safari, jirani aliyemuuzia vifaranga vya samaki, mbele ya wazee, kwa kumpa samaki tasa makusudi.

Leo nimepasua madume niliowachukua bwawani mwake na kuweka vipande vya korodani zao chini ya darubini ya shule. Ndani ya baadhi ya korodani mna mayai machanga. Nimerudia mara tatu, nikitumaini kwamba nimekosea.

Baadhi ya viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu shambani, vikiingia mwilini mwa samaki, huigiza homoni za kike. Vingine huzuia homoni za kiume zisifanye kazi. Samaki huyo si lazima afe. Anakula, ananenepa, ila mwili wake unatii amri isiyo yake. Darubini haiwezi kunitajia sumu yenyewe. Hilo ni la maabara. Lakini najua maji ya bwawa lile yanakotoka.

Yanatoka kwenye mfereji unaopita katika mashamba yetu ya vitunguu saumu.

Kila Jumamosi wakulima husuuza humo mabomba ya kupulizia dawa. Zamani waliyasuuza karibu na birika la kunyweshea ng'ombe, hadi ndama wawili walipokufa. Mimi ndiye niliyesimama mkutanoni nikasema: suuzeni kwenye maji yanayotembea, yatabeba dawa. Walinisikiliza kwa sababu ninafundisha baiolojia.

Yalibeba.

Sikujiuliza yanaipeleka wapi.

Ningeweza kunyamaza hadi majibu ya maabara yapatikane, na watu wangeuita uangalifu. Lakini Jumapili haitasubiri maabara, na Bwana Safari ataharibiwa jina kwa kosa ninaloamini kuwa ni langu.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa Mama Paulina. Nitaanza na ushauri wangu wa mfereji, ndipo nimweleze habari za homoni. Nikianza na homoni, nitakuwa nimejificha nyuma ya sayansi.