Daraja Lililobaki Mkobani

Mshauri mpendwa, nakuomba usicheke kabla hujafika mwisho, maana jambo hili linaonekana la kitoto na mimi ni karani mwenye ajira na tai. Kila Jumamosi alasiri, sebuleni kwa dada yangu ambako ninaishi, tunacheza mchezo wa mezani wa kusimulia: shemeji ndiye msimulizi, anatupeleka mapangoni na kwenye ngome za majoka, kila mmoja wetu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua kama umefaulu au umeangukia pua. Dada ni mpiga upanga, jirani yetu fundi cherehani ni mchawi, na mimi nilichagua kuwa mvumbuzi, mtu asiye na misuli wala uchawi, ila ana stadi zake: anafungua kufuli, anategua mitego, anaunda vifaa. Wenzangu hawaoni faida yake. Nikisema nikague mlango kwanza, dada huguna, "Haya, Bwana Subiri ameanza," na jirani huenda kuchemsha chai, akirudi bado nakagua, lakini mtego ukiteguliwa hakuna anayesema asante, kwa sababu mtego usiofyatuka hauna hadithi.

Sasa Jumamosi iliyopita tulifika korongoni tukifukuzwa na mazimwi. Dada alibaki nyuma kutukinga, ukingo ukamomonyoka, akawa ananing'inia kwa mkono mmoja. Shemeji akanigeukia, "Mvumbuzi, unafanya nini?" Mkobani nilikuwa na daraja la kukunja nililoliunda mwenyewe, linalojitandaza mara moja tu kisha basi, na nilikuwa nalitunza kwa ajili ya ngome ya joka iliyo mbele, kwa hiyo nikasema, "Nasubiri kwanza, arushe dadu tuone." Dada akarusha. Akapata moja, namba mbaya kuliko zote. Mhusika aliyemlea tangu tuanze mchezo huu akatumbukia korongoni, akafa.

Nilimweleza kwamba kwa mujibu wa kanuni alikuwa na nafasi kubwa ya kufaulu, nikampigia hesabu, nikamwonyesha ukurasa wenyewe, na kila nikieleza ndivyo anavyozidi kununa; tangu hapo hasemi nami, wakati wa chakula anamwambia shemeji, "Mwulize huyo mvumbuzi wako kama atakula sasa au anasubiri ngome," na ameapa hatarudi mchezoni nikiwamo. Jirani anataka nibadili niwe mpiga upanga, eti angalau kazi yangu ionekane. Nibadili mhusika, au nijitoe kabisa? Naogopa. Katika familia yetu amebaki yeye tu.

Mvumbuzi mwenye hofu

*

Wewe mvumbuzi, sikucheka, ingawa hapo kwenye tai ulinipa shida. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno moja, sikuliona. Kanuni ipo, hesabu ipo, ukurasa upo. "Nisamehe, dada" iko wapi? Nayo unaitunzia ngome?

Naelewa uchovu wako. Anayezuia balaa hapigiwi makofi, na huyo jirani anayekunywa chai huku ukimwokoa na mitego hana adabu. Lakini mvumbuzi wako hana kosa. Aliunda daraja zuri. Aliyekataa kulitandaza ni wewe. Ukipewa upanga, utauacha alani mpaka mazimwi wafe kwa uzee. Kwa hiyo usibadili mhusika. Wala usijitoe, huko ni kusubiri tena, safari hii chumbani kwako.

Dada yako alibaki nyuma kukukinga, akageuza shingo, akakuta mdogo wake anapiga hesabu. Tena mbele ya mumewe na jirani. Ungekuwa wewe usingenuna?

Basi fanya hivi. Leo, akiwa jikoni, nenda mwenyewe, usimtume shemeji. Sema, "Dada, ningeweza kukushika, sikukushika. Nisamehe." Kisha nyamaza. Yale maneno "kwa mujibu wa" yakikupanda kooni, tia kipande cha mkate mdomoni. Akikufokea, msikilize mpaka amalize, na usimsahihishe hata akikosea kanuni.

Jumamosi, kabla dadu hazijarushwa, mimina mkoba wote mezani uwagawie wenzako vifaa. Daraja mpe dada, kwa mhusika wake mpya, aamue mwenyewe lini na wapi. Akilitandaza juu ya dimbwi la kulowesha vidole tu, usigune. Vuka, na useme asante.