Doa Moja kwenye Skrini

Nakasero, Kampala
Jumanne, saa kumi alasiri

Mjomba Sefu, shikamoo. Mvua imetoka kunyesha, nami ninakula chapati iliyoviringishiwa mayai, wenyewe huiita roleksi. Leo ni tamu kupita kiasi, kwa sababu mashine imeona!

Ni ile ya kupiga picha za ndani ya mwili bila mionzi. Siku moja mgonjwa atadungwa chembe ndogo mno za chuma, na sumaku zitaonyesha zinakopita kwenye damu. Michoro yake iko wazi kwa yeyote anayetaka kuiunda, na koili yake ya waya nimeisuka kwa mkono, kama ulivyonifundisha kusuka mota.

Asubuhi tuliijaribu kwa kichupa kimoja cha chembe hizo. Yakatokea madoa mawili kwenye skrini, badala ya moja. Injinia Nakato, mkuu wa karakana yetu, akakunja uso, akaniita bibie kwa Kiganda. "Nyabo, koili yako iko na makosa. Tunatoa, tunaagiza ya ng'ambo."

"Ngoja kwanza," nikamwambia. Nilikuwa nimehesabu kila mzunguko. Nikakagua kifaa kimoja kimoja, hadi kibao cha kuwekea kichupa. Kilikuwa kimeanikwa dirishani, kikashika vumbi jekundu la barabarani. Udongo huo una chuma, mjomba! Nikakiosha, nikakikausha, tukarudia.

Doa moja, safi.

"Banange!" Nakato akanikumbatia. "Hii koili hakuna mtu anagusa. Kesho unafundisha sisi wote kusuka."

Mimi wa kidato cha nne, nifundishe mainjinia! Mungu akutunzie macho na vidole, mjomba wangu.

Zuhura