Kitangi cha Wino

Baba watoto,

Barua imefika. Sisi wazima, na mdogo ameota jino.

Nimeona wino wako umekolea sawasawa mwanzo hadi mwisho. Kumbe kalamu yako ya kuandikia vyeti imefungwa kitangi kinachoishushia wino chenyewe, tena ni zawadi ya "mwenzangu wa ofisini". Huyo mwenzako hana jina?

Miaka tisa nimekaa ubavuni mwako nikikudondoshea wino kwenye nibu ya kalamu, na sikuchafua cheti cha mtu hata siku moja. Leo nafasi yangu imekaliwa na kikopo.

Vyeti viandike utakavyo. Barua yako hiyo nakurudishia humu humu kwenye bahasha. Iandike upya kwa kuchovya kalamu winoni.

Mkeo. Jina langu unalijua.